Kumuuguza mzee wako hadi mwisho hapa Lamu: mpango, fedha na karatasi

Mama aliumwa miezi minane. Katika mitano ya kwanza tulivuka naye Mokowe, gati ya upande wa bara, mara sita, na mara mbili kati ya hizo ilikuwa usiku, kwa boti ya kukodi na tochi ya simu, yeye amelazwa kwenye godoro chini na mimi nimemshika kichwa kisigonge ubao. Katika miezi mitatu ya mwisho hakuvuka hata mara moja. Si kwamba alikuwa amepata nafuu. Tulikuwa tumekaa kitako tukapanga. Nikilitazama daftari letu la matumizi, fedha nyingi hazikuliwa na dawa. Zilikwenda baharini na barabarani, kwa safari tulizofunga kwa hofu, na mara nyingi huko tulikofika tuliambiwa maneno yale yale tuliyokwisha kuambiwa hapa.

Nimeandika haya kwa mwenye mgonjwa ambaye maradhi yake hayana tena tiba ya kuyaondoa: saratani iliyoenea, moyo au figo zilizochoka, kiharusi kilichorudi, uzee uliofika mwisho wake. Hesabu zangu ni za kisiwani. Aliye Malindi gari humfikia mlangoni, lakini mengine yote yanamhusu pia.

Hatua ya kwanza: mwambie daktari aseme wazi, kisha aandike

Nenda na maswali matatu, na usitoke bila majibu. La kwanza: ugonjwa huu bado unatibika, au sasa tunatuliza tu? La pili: wiki zinazokuja tutaona nini, na tukikiona tufanye nini nyumbani? La tatu ndilo lililotuokolea fedha: ni mambo gani ambayo yakitokea, hata saa nane ya usiku, inafaa tumtoe nyumbani?

Kwa mama, jibu la swali la tatu lilikuwa na mambo manne. Damu isiyokatika, mkojo kuziba, mfupa kuvunjika, na maumivu yasiyosikia dawa hata baada ya dozi ya ziada. Hayo mengine, homa ndogo, kutokula, kulala sana, kuweweseka kidogo, tungeyashughulikia nyumbani kwa kupiga simu. Dada yangu aliyaandika kwa kalamu ya wino mzito akayabandika nyuma ya mlango wa chumba. Usiku mtu huwa hana akili ya kukumbuka. Karatasi ndiyo inayokumbuka.

Omba pia muhtasari wa ugonjwa ulioandikwa, orodha ya dawa, na nambari ya simu ya muuguzi au daktari atakayekubali kupigiwa. Taja kwa jina unachotafuta: tiba shufaa, yaani matibabu ya kutuliza maumivu na dhiki, si ya kufukuza ugonjwa. Nchini kwetu Kenya kazi hii ilianza na Nairobi Hospice mwaka 1990, na Mombasa ipo Coast Hospice. Hapa kisiwani anzia hospitali ya kaunti, King Fahd. Bara kuna Mpeketoni na Witu, na wa Pate wana Faza. Mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wenu naye umjue mapema. Tangu 2023 serikali imewapa wengi wao mkoba wenye kipimo cha presha na cha sukari, na kupimwa nyumbani kwakuondolea safari ya kwenda kupima tu.

Hatua ya pili: muulize mwenyewe

Kwetu ni desturi kumficha mgonjwa. Watu wazima wanajua zamani kwamba wanaondoka, nasi twakaa ukumbini twanong'ona. Mimi nilimwuliza mama alasiri moja nikimkanda miguu. "Mama, hali ikizidi, wataka tukupeleke Mombasa, au ukae hapa?" Alinyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, msinivushe tena. Mimi nataka nisikie adhana ya msikiti wetu." Basi. Swali nililoliogopa miezi mitano lilijibiwa kwa muda wa kupaka mafuta mguu mmoja.

Muulize anataka kulala wapi, nani amwoshe na kumbadilisha (wengine hawataki mtoto wa kiume, wengine hawataki mkamwana), nani hataki amwone katika hali ile, na nani aitwe ili watakane radhi. Yaandike.

Halafu ndipo muite kikao cha jamaa, pamoja na walio Mombasa, Jeddah na Dubai, kwa simu iliyowekwa sauti. Hawa wa mbali msiwaache nje. Aliye mbali hana usiku wa kukesha wa kumfundisha, ana huruma na majuto, na ndiye atakayepiga simu siku ya mwisho kusema, "Mbona hamumpeleki? Mimi nitalipa!" Kaka yangu alisema hivyo. Tulimsomea maneno ya mama mwenyewe, akalia, akatuma fedha za mkeshaji badala ya fedha za safari. Kikao kimchague msemaji mmoja wa kuongea na madaktari na mmoja wa kushika fedha, na wasiwe mtu mmoja.

Hatua ya tatu: hesabu ya nyumbani

Hapa ndipo familia nyingi zinapoingia gizani, kwa sababu watu huhesabu dawa peke yake. Chukua daftari, andika mwezi mmoja kama ulivyo.

Pampasi za wakubwa: mgonjwa asiyeinuka hutumia tatu kwa siku, ndizo 90 kwa mwezi, pakiti tisa za kumi kumi. Uliza bei madukani kwetu na bei ya jumla Mombasa, kisha agizia mzigo wa mwezi mzima ukiwa na mtu anayekuja. Glavu, sanduku la vipande 100 ni jozi 50. Mkibadilisha mara tatu kwa siku halifiki siku 17. Sabuni ya unga, dawa ya kuulia vijidudu, pamba, vaselini, shuka za zamani za kukatwa vipande. Tokeni za umeme, maana feni haitazimwa. Maji, kwa sababu kufua kutakuwa kila siku. Mishumaa au taa ya kuchaji kwa usiku wa umeme kupotea.

Kisha andika jambo ambalo hakuna anayeliandika: wageni. Nyumba yenye mgonjwa mkubwa Lamu haifungwi mlango. Asubuhi chai na mahamri, jioni kahawa na halwa, na siku ya Ijumaa ni zaidi. Wiki tatu za kwanza tulizoandika, sukari, maziwa, unga na mafuta vilipita gharama ya dawa zote za mama. Na wageni wenyewe walikuja na maboksi ya juisi na mapapai ambayo mama hakuweza kuyameza. Tulibadilisha mambo mawili. Shangazi, ambaye kwa umri wake hakuna wa kumbishia, alitangaza kwamba wageni waje baina ya alasiri na magharibi, na chai haitapikwa. Na aliyeuliza, "Nimletee nini mgonjwa?", alijibiwa bila haya: "Mletee pakiti moja ya pampasi, au sabuni." Watu walifurahi kuambiwa. Kuanzia hapo hatukununua pampasi kwa zaidi ya mwezi.

Jambo la pili lisiloandikwa ni mkeshaji. Mara nyingi ni binti mmoja, asiye na mume au mwenye biashara ndogo, ambaye wote humwachia kwa kuwa "yeye yuko nyumbani". Dada yangu alikuwa akipika mbaazi na mahamri ya kuuza asubuhi. Alifunga. Niliketi naye tukahesabu faida yake ya kila wiki, nikaipeleka kwa ndugu: fedha hii ni gharama ya ugonjwa kama dawa, ailipwe. Wawili walinuna. Nasimama na neno langu hadi leo: anayeacha riziki yake kumwosha mama yenu msimlipe kwa dua peke yake. Na mpeni usiku mbili kwa wiki alale chumba kingine, kwa zamu, mwengine akeshe.

Michango iingie kwa mshika fedha mmoja, na kila Ijumaa atume picha ya ukurasa wa daftari kwa wote. Kwetu ukurasa ule ulizuia ugomvi kuliko nasaha zote.

Fedha zitoke wapi? Kama mgonjwa ana miaka 70 au zaidi, angalia kama ameandikishwa Inua Jamii, mpango wa serikali wa fedha za wazee. Ni shilingi 2,000 kwa mwezi, na kama hawezi kwenda kuchukua yupo msaidizi anayeandikishwa kwa jina, hakikisheni ni mtu aliye karibu. Nyumba isiyo na uwezo imwone imamu kuhusu zaka, wala msione aibu, mgonjwa fukara ni mwenye haki yake. Dhahabu ya mama ni ya mama: iuzwe akiwa na akili timamu na kwa idhini yake, iandikwe imeuzwa kwa nini. Shamba au kiwanja msiuze mwezi wa hofu. Mnunuzi anayekuja wakati wa ugonjwa anajua kwamba hamna nguvu ya kubishana bei.

Hatua ya nne: SHA

NHIF, bima ya afya ya zamani, imeondoka, tangu 1 Oktoba 2024 kazi ni ya SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii. Kosa ninaloliona sana ni mtoto mwenye ajira kudhani kwamba makato yake yanamfunika mzazi. Hayamfuniki. Yanafunika mke au mume na watoto. Mzee huandikishwa peke yake kama mkuu wa kaya yake, kwa kitambulisho chake, kwa *147# au kituoni. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Asiye na mshahara huulizwa maswali ya hali ya maisha, ndipo apangiwe kiasi. Kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, na hulipwa ya mwaka pamoja, yaani 3,600. Wakati wa maswali yale, jibu kwa hali ya nyumba ya mzee, si ya mtoto aliye Dubai.

Zahanati na vituo vya afya vilivyomo katika mpango huhudumia aliyeandikishwa bila kumdai, kwa hazina ya afya ya msingi. Kulazwa ndiko kunakotaka uwe umelipa. Lipa leo, mzee akiwa bado anakaa, usingojee siku ya kulazwa. Na jueni mpaka wake: SHA hulipa kituo cha afya. Hailipi pampasi, wala boti ya usiku, wala mkeshaji. Mfuko wa ndugu unahitajika hata kadi ikiwa hai.

Hatua ya tano: maumivu

Kama ni saratani, au maumivu makali ya namna nyingine, neno la kulijua ni mofini. Mara nyingi hupatikana kama maji ya kunywa, kwa karatasi ya daktari, nayo imo katika sheria ya mwaka 1994 ya kudhibiti dawa za kulevya, kwa hivyo huipati duka lolote. Kabla hujatoka hospitalini uliza: mnayo hapa? Ikiisha nitaipata wapi, na niseme siku ngapi kabla? Chupa ikibaki robo, anza kutafuta nyingine. Kusi ikivuma, boti za kutoka Kizingitini na Faza hazina ahadi.

Watu watakwambia kwamba itamfanya mraibu, au kwamba akipewa mofini ndiyo amehukumiwa. Mgonjwa anayepewa kipimo sahihi kwa maumivu ya kweli hapati uraibu wa mtaani, na dawa haimuui. Inamwachia nafasi ya kuswali, kuongea na kulala. Shirika la Afya Duniani tangu 1986 limekuwa likihimiza dawa ya maumivu itolewe kwa mdomo na kwa saa. Kwa saa, yaani mofini ya maji kila baada ya saa nne, maumivu yamekuja au hayajaja. Kumngoja mtu alie ndipo umpe ni kumtesa, na hapo itabidi dozi kubwa zaidi.

Mambo matatu ya kumwuliza daktari siku ile ile: dozi ya ziada maumivu yakichomoza katikati, dozi ya kulalia ili asiamshwe usiku wa manane, na dawa ya choo. Hii ya mwisho msisahau hata kidogo. Mofini hufunga choo karibu kwa kila mtu, na tumbo lililofunga siku sita ni maumivu mapya. Dawa ya choo ianze pamoja na mofini. Chupa ifungiwe kabatini, na kila dozi iandikwe saa na aliyeitoa. Sisi dozi moja ilitolewa mara mbili kwa sababu wawili walibadilishana zamu bila kuandika. Mama alilala mchana kutwa, nasi tukakaa tunahesabu pumzi zake.

Ramadhani ikiingia, mgonjwa asiyetarajiwa kupona hana saumu; hulipiwa fidia, chakula cha maskini mmoja kwa kila siku. Iandikeni daftarini nayo.

Hatua ya sita: chumba

Nyumba zetu za mawe zina orofa na ngazi nyembamba zilizosimama. Mteremsheni mgonjwa chini mapema, akiwa bado anashika ukuta. Ami yangu mmoja alishushwa siku ya tatu kabla ya kufa kwake, amefungwa kwenye kiti cha plastiki, vijana wanne, na kona ya ngazi haikupitisha miguu ya kiti. Chagueni chumba karibu na choo chenye dirisha la kupitisha upepo, na kitanda chenye kimo cha kumfanya mkeshaji asiiname sana, kwani mgongo wake ndio utakaovunjika kwanza.

Ageuzwe kila saa mbili, mchana na usiku: kulia, chali, kushoto. Mto baina ya magoti, mto chini ya miundi ili visigino vielee. Kila unapomwosha tazama kitako, nyonga, visigino na nyuma ya masikio. Wekundu usioondoka ukibonyeza ni kidonda kinachoanza, msimlaze tena upande huo. Godoro la hewa husaidia lakini haligeuzi mtu.

Kama nyumbani haiwezekani

Zipo nyumba ambazo haziwezi, na si dhambi. Mtu mmoja peke yake na mgonjwa mzito, au mgonjwa anayehitaji oksijeni mahali ambapo umeme hauaminiki, au kidonda kinachohitaji mikono ya muuguzi. Hospitali ya hapa ni afadhali kuliko ya mbali kwa wiki za mwisho, kwa sababu ndugu wanafika kwa miguu. Mkienda Malindi au Mombasa kwa jamaa, pigieni hesabu chakula na malazi ya msindikizaji, siyo kitanda cha mgonjwa tu.

Na hesabuni kurudi. Mgonjwa aliye hai anaweza kurudi kwa kiti cha gari na boti. Maiti hutaka gari zima la kukodi hadi Mokowe, boti yake, na karatasi zake. Kama alitaka afie kwao, mrudisheni akiwa bado anaweza kukaa, hata kama daktari anasema zimebaki wiki chache. Akifia huko, ongeeni na imamu kabla ya kukodi gari. Masheikh wengi huona bora azikwe alipofia kuliko kucheleweshwa.

Deni, wasia na karatasi

Kwa Waislamu mali ya marehemu hutoka kwa mpangilio: maziko, madeni, wasia, kisha mirathi. Muulizeni mgonjwa anadaiwa nini na anadai nani, ana amana gani za watu, mchezo wa fedha gani hajamaliza kulipa. Mahari ambayo mume hakuimaliza ni deni juu yake. Wasia hauvuki thuluthi, wala haumwendei mrithi ila warithi wengine waridhie. Na zawadi anayotoa mtu katika ugonjwa wa kufa nayo huhesabiwa kama wasia. Kwa hivyo yule anayeleta karatasi ya kiwanja kitandani kwa mgonjwa ili "atie kidole tu" mrudisheni, mwende wote kwa Kadhi. Ofisi ipo Lamu na Malindi.

Kitambulisho, hati za ardhi na kadi za benki viwekwe mfuko mmoja, na watu wawili wajue ulipo.

Siku zenyewe

Ataacha kula. Msimlazimishe, kijiko kinachosukumwa huenda mapafuni, na mwili unaofunga hautaki chakula. Kazi yenu sasa ni mdomo. Chovya pamba katika maji safi, ikamue, pitisha kwenye midomo, ufizi na ulimi, kisha vaselini kidogo, kila saa moja. Mama alikuwa akiifinya ile pamba kwa midomo yake, taratibu, na macho yamefungwa.

Miguu itapoa, pumzi itasimama na kurudi, na koo linaweza kukoroma. Mlazeni kwa ubavu, sauti hupungua. Tazameni ile karatasi nyuma ya mlango kabla ya kuita boti. Mwelekezeni kibla kama hapati tabu, someni Yasini kwa sauti ya chini, na talkini aitoe mtu mmoja, polepole, si ukumbi mzima kupiga kelele. Msije mkamkimbiza mtu na shahada.

Akiishafariki nyumbani, mmoja aende kwa naibu wa chifu na kitambulisho cha marehemu. Ndiye anayeandika kifo cha nyumbani na kutoa kibali cha kuzika. Sanda, mwosha na wachimba kaburi viwe vimeshaongelewa. Cheti cha kifo fuatilieni kabla ya miezi sita, kwa sababu baada ya hapo huingia usajili wa kuchelewa wenye karatasi zaidi, na bila cheti benki na SHA hazifungi faili.

Mofini iliyobaki irudishwe hospitalini, isikae kabatini. Pampasi na glavu zisizofunguliwa mpeni mwenye mgonjwa. Godoro la hewa la mama lilikwenda kwanza mtaa wa Langoni, kisha likahama. Sasa liko Matondoni kwa mzee mwenye kiharusi, na kipulizio chake bado kinafanya kazi.